Uso wa Nabii Yunus kwenye mtumbwi wa Igombe

Haya niliyazungumza jioni moja pale Kirumba, Mwanza, mbele ya vijana wanaochora mabango, mitumbwi na daladala, na wengine wa madrasa walikuja kwasababu walisikia kuna mada ya picha za mitume. Dogo mmoja alirekodi kwa simu, mwingine kakaa usiku mzima anaandika, mi nimepitia tu nikapunguza pale nilipokuwa narudia rudia. Vicheko nimevitoa ila mliokuwepo mnajua vilikuwa wapi.

Assalaam alaykum. Na wenzangu wa upande ule, Tumsifu Yesu Kristu, Bwana asifiwe, na wote kwa pamoja mwadila.

Kwanza kabisa, kwenye tangazo mmeniandika ustadh. Jamani. Mi ni fundi rangi. Nimesoma madrasa kama mlivyosoma nyie, juzuu nilizohifadhi hazijai vidole, na haya ya hadithi na fiqhi nitakayoyataja nimeyapata kwa kukaa chini ya masheikh na kuuliza, maana kazi ndo ilinilazimisha kuuliza. Muuza nguo wa Mlango Mmoja hana haraka ya kujua hukumu ya picha, anaweza akafa hajauliza na asipungukiwe kitu. Mi ndo nnakula nayo, watoto wamesoma nayo.

Sasa nianzie Igombe, maana bila Igombe hata mada yenyewe nisingeijua.

Miaka hiyo wengi wenu mlikuwa hamjaanza hata chekechea. Kulikuwa na tajiri mmoja wa dagaa, Muislamu mzuri tu, kachonga mtumbwi mpya, mbao bado zinanukia, kaniita mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, nikautie rangi. Jina kashalichagua mwenyewe, DHUN-NUN, lile jina la Nabii Yunus lililopo kwenye Suratul Anbiyaa, maana yake mwenye samaki. Afu ubavuni anataka Yunus mwenyewe, anatemwa na samaki ufukweni. Nikamuuliza kwanini Yunus, akasema mdogo wake alikuwa kwenye MV Bukoba, ile meli iliyozama. Basi nikaishia hapo. Sisi wa huku ukitajiwa tarehe 21 Mei 1996 unanyamaza kidogo ndo unaendelea na maongezi, kila mtaa una nyumba yake. Huyu bwana alitaka chombo chake kimbebe mtu ambaye maji yalimchukua na yakamrudisha, utamkatalia vipi?

Na mi nilikuwa kijana, njaa ipo, sifa nazitaka. Nikachora. Samaki nikamchora sangara, ndiyo, sangara, mnacheka nini, Qur'an imesema samaki na mi samaki mkubwa niliyewahi kumuona kwa macho yangu ni sangara, huyo nyangumi ningemtoa wapi. Mwili wa Yunus ukatoka, shuka jeupe lililolowa, mikono imeshika mchanga. Ikabaki uso.

Hapa wachoraji mnanielewa bila maelezo mengi. Uso hautoki hewani. Unaweza ukajidanganya umeutunga kichwani ila ukiutazama vizuri ni wa shemeji yako, au wa kondakta uliyegombana naye asubuhi. Mi sikujidanganya hata, niligeuza tu shingo. Pale mwaloni kulikuwa na mzee anashona nyavu, ndevu nyeupe, mashavu yameingia ndani, macho yale ya mtu aliyekesha sana ziwani. Nikamchora yeye. Ukipita na ukamjua, ni yeye mtupu.

Watu walisifia, acheni tu. Tajiri alinilipa na akaniongeza.

Haikupita hata giza mbili, yani miezi miwili, wale wa dagaa mnajua tunavyohesabu, mambo mawili yakaanza kwa pamoja na yote mawili sikuyategemea. La kwanza, yule mzee mshona nyavu akaanza kuitwa Nabii. Mwanzo utani. "Nabii, nyavu yangu iko tayari?" "Nabii, shikamoo." Sasa mzee wa watu alikuwa anapenda kinywaji, na hapo sio siri, na akishalewa alikuwa na mdomo. Ikawa unasikia mwaloni Nabii kalewa, Nabii kalala mtaroni, Nabii kamtukana mama ntilie, Nabii anadaiwa na hataki kulipa. Watoto wanamkimbiza wanaimba. Na vijana wa Kiislamu wanaongea hivyo hivyo bila kushtuka, kwasababu kinywani mwao lile jina lilikuwa limeshahama, limetoka kwa yule wa kwenye Qur'an limeenda kwa yule wa kwenye mbao.

La pili lilikuwa la kimya zaidi. Ule mtumbwi ulianza kupata. Giza la kwanza wamejaza, la pili wamejaza, wenzao wanarudi na ndoo mbili. Basi mabaharia wakawa kabla hawajasukuma chombo wanamgusa Yunus kichwani. Mmoja kaanza, wengine wakafuata. Afu wa mitumbwi mingine wakawa wanakuja jioni wanagusa na wao, Muislamu anagusa, Mkristo anagusa, yule wa mizimu ya kwao anagusa. Siku moja nimepita nikakuta kapakwa marashi. Nikasogea kuangalia kazi yangu nikaona rangi pale kwenye paji la uso imeanza kuisha. Sio maji, maji hayafiki pale. Ni mikono.

Nikawa najiambia ni utani wa wavuvi tu, utapita. Hela nilikuwa nimeshakula.

Ndo akaja shekhe, imamu mmoja mzee, hayupo tena, Allah amrehemu. Nilijua amekuja kugomba. Akasimama mbele ya mtumbwi akaangalia muda mrefu, akaniuliza, huyu nani? Nikamwambia Nabii Yunus, shekhe wangu. Akasema, jana nimemuona anashona nyavu. Tukacheka wote, na yeye kacheka, afu akakaa juu ya gogo akanihadithia habari za watu wa Nuhu, na mi niliijua hiyo hadithi toka madrasa lakini sikuwahi kuisikia nikiwa nimeshika brashi.

Kwenye Surat Nuh, aya ya 23, yametajwa majina matano, Wadd, Suwaa, Yaghuth, Yauq na Nasr. Ibn Abbas, na iko ndani ya Bukhari, anaeleza kwamba hao walikuwa watu wema katika kaumu ya Nuhu. Walipokufa, shetani akawashawishi jamaa zao wawawekee masanamu kwenye vikao vyao na kuyaita kwa majina yao. Na hawakuabudiwa! Hapo ndo pa kusimama. Kile kizazi kilichoyaweka hakikuabudu, kilikuwa kinajua huyu ni fulani, tulikula naye. Ni mpaka wale walipokufa na elimu ikasahaulika ndo wa nyuma wakaanza kusujudu. Shekhe akaniambia, wale walihitaji vizazi, nyie hapa Igombe mmetumia miezi miwili.

Hiyo mnayoisikia kwamba Uislamu unachukia sanaa, ukiichimba, chini kabisa utakuta hicho. Hofu ya kuabudu kinachoonekana. Tena Qur'an yenyewe haina aya inayosema kwa kutamka kuchora ni haramu, ukitafuta utakuta masanamu ya kuabudiwa, utakuta Ibrahim anavunja masanamu ya watu wake, na kwenye Surat Saba aya ya 13 utakuta hata majini wanamtengenezea Nabii Suleiman masanamu, na wanazuoni wengi wakasema hiyo ilikuwa sheria ya wakati wake. Makatazo yenyewe yamekuja kwenye hadithi, na huko ni mengi na makali. Bibi Aisha katundika pazia lina picha, Mtume (s.a.w) karudi safari kaliona, uso ukabadilika, akalishusha, likakatwa likafanywa mito ya kukalia. Kuna ile ya malaika kutoingia nyumba yenye mbwa na picha. Kuna ile kwamba watengeneza picha wataambiwa siku ya kiyama vipeni uhai hivyo mlivyoviumba. Nakiri hiyo ya mwisho miaka mingi ilikuwa inanikosesha usingizi.

Ila kuna mbili ambazo kwa mada yetu ya mitume naona zina uzito wa pekee, na watu hawazitaji sana.

Moja ni ya Ummu Habiba na Ummu Salama. Hawa mama zetu walikuwa wamehamia Habasha kabla, wakaona kanisa huko lina picha, wakamsimulia Mtume uzuri wake. Akawaambia wale watu, akifa mtu mwema kati yao, walijenga msikiti juu ya kaburi lake na wakachora humo zile picha. Kwahiyo ukaona linavyoanza, linaanza kwa mapenzi. Hakuna anayemchora mtume kwa nia ya kuanzisha shirki, yani kumshirikisha Mungu, kila mmoja anachora kwasababu anapenda. Tajiri wangu alimpenda Yunus kwa dhati na mdogo wake yuko chini ya ziwa.

Nyingine ni ya siku Makka ilipofunguliwa, mwaka wa 8 Hijria, wa 630 kwa kalenda ya kawaida. Masanamu 360 yalikuwa yamezunguka Al-Kaaba na Mtume akakataa kuingia ndani mpaka yatolewe. Kati ya vilivyotolewa kulikuwa na picha za Nabii Ibrahim na Nabii Ismail wameshika mishale ya kupigia ramli. Mtume akakasirika, akasema wallahi wale wanajua kabisa kwamba hawa wawili hawakuwahi kupiga ramli kwa mishale hiyo. Mnaona? Yule aliyechora alikuwa mpiga ramli, akamchora Ibrahim mpiga ramli. Kampa alichonacho yeye mkononi. Kama mi nilivyompa Yunus mashavu ya mshona nyavu. Picha ya mtu ambaye hujamuona ni ushahidi wa uongo hata kama mkono wako hauna nia mbaya, na ukishatoka nje haurudi, watu wanaubeba kama ulivyo.

Na wenzangu Wakristo msijione mko pembeni kwenye hili. Ingia basi lolote la kwenda Sengerema uangalie ile stika ya Yesu, nywele za dhahabu, macho ya bluu. Huyo ni mtu wa Nazareti kweli? Huyo ni jirani wa yule fundi wa Ulaya. Na nyie ndani kwa ndani mmegombana sana kuhusu hii kitu, Kutoka 20 imekataza sanamu ya kuchonga, Wagiriki wa Konstantinopoli walikuwa na makaisari waliovunja picha za watakatifu miaka mingi, mpaka mtaguso wa Nikea wa mwaka 787 ukaja kusema ziheshimiwe ila zisiabudiwe, na bado baada ya hapo zikavunjwa tena. Hapa hapa Mwanza ukiingia Katoliki utakuta sanamu, ukiingia AIC ukuta mtupu na msalaba basi. Fundi mwenzangu mmoja Mkatoliki tulibishana siku nzima juu ya ngazi, yeye anasema picha inamsaidia kuomba, mi namwambia hicho ndicho kinachoniogopesha, tukaishia kunywa chai.

Haya, sasa kuna sehemu nataka niwe mkweli na wale wa madrasa mnivumilie, maana mmefundishwa kwamba hakuna Muislamu aliyewahi kumchora Mtume. Wapo. Tena wa heshima zao. Mwanzoni mwa miaka ya 1300 huko Tabriz, waziri mmoja anaitwa Rashid al-Din alitengenezesha kitabu kikubwa cha historia ya dunia na ndani yake Mtume kachorwa, uso wazi, anasaidia kuweka Jiwe Jeusi. Karibu mwaka 1436 huko Herat kikatengenezwa kitabu cha Miraji, kina ndimi za moto za dhahabu zimemzunguka, leo kiko Paris. Na Sultani Murad wa Tatu wa Waturuki, Sunni huyo, aliagiza sira nzima ya Mtume kwa picha, juzuu 6, ikakamilika karibu 1595. Hao walikuwa wanaswali kama sisi. Siwezi kusimama hapa nikawaita makafiri, mi ni nani.

Lakini angalieni na macho ya fundi. Picha za Tabriz, nyuso ni za Kimongoli, macho yale ya watu wa mashariki kule, kwasababu watawala walikuwa Wamongoli na ndo nyuso zilizokuwa zinaonekana nzuri. Kwahiyo Mtume wa Makka kawa mtu wa Asia ya kati. Mshona nyavu yule yule! Afu tazama kinachotokea miaka inavyokwenda: kuanzia miaka ya 1500 mafundi wenyewe, wale wale wanaochora, wanaanza kumfunika uso. Kwenye vile vitabu vya Sultani Murad Mtume anachorwa mwili, kilemba, na pale usoni kitambaa cheupe. Najua kuna wasomi wanaeleza hilo kwa sababu zao nyingi, za kisufi na nyinginezo, ila mi nikiitazama naona mkono wa fundi mwenzangu umefika kwenye uso ukasita. Naujua huo mkono. Na tuwe waadilifu, hivyo vilikuwa vitabu vya ikulu, vya kufunguliwa na watu wachache wakavifunga, havikuwekwa msikitini na hakuna aliyevisujudia. Msikitini palibaki hivi hivi tulivyozoea. Kubbatus Sakhra pale Quds, Yerusalemu, imejengwa toka miaka ya 690, imejaa mizabibu na vito na aya, kiumbe hakuna. Msikiti wa Damascus uliojengwa miaka michache mbele, ukuta mzima wamepamba kwa miti na majumba na mto unapita, kama vile umesimama juu ya jabali unaangalia ziwa, na mtu hata mmoja hayupo kwenye ile miji. Nimeiona kwenye simu tu lakini niliitazama mpaka bando likaisha.

Wenzetu wa Kishia nao wana msimamo wao, Iran picha za Imamu Ali na Imamu Hussein ziko mpaka madukani, na wapo maulamaa wao wakubwa wanaoruhusu kwa sharti la heshima. Sisi huku tuliolelewa na madhehebu ya Shafii, Imamu Nawawi alishafunga mlango, kila chenye roho. Wengine wakalegeza: Qasim bin Muhammad, mjukuu wa Abu Bakr, anatajwa kuwa alikuwa anaona picha isiyo na kivuli, yani mchoro bapa, sio tatizo, na Wamaliki wengi wakawa wakali zaidi kwenye masanamu yenye umbo kamili kuliko kwenye mchoro. Picha za kamera mnajua zilivyogawa watu, mwisho kila mtu ana pasipoti na mfukoni kuna noti ya elfu moja ina Nyerere, na sijamuona shekhe anayeikataa. Kwahiyo kwenye viumbe kwa jumla khilafu, yani kutofautiana, ipo, nisiwadanganye. Ila kwenye mitume Sunni wa leo karibu wote wamekubaliana, na sio Muhammad (s.a.w) peke yake kama wengi wanavyodhani, ni wote, Nuhu, Musa, Isa, Yunus. Mwaka 1926 muigizaji wa Misri Youssef Wahbi alitaka kumuigiza Mtume kwenye filamu, Al-Azhar, wale wanazuoni wa Cairo, wakasema hapana, akaacha. Mwaka 2014 wakapinga filamu ya Marekani ya Nabii Nuhu. Na ile filamu ya Moustapha Akkad ya 1976 tunayowekewa kila Ramadhani, mmeitazama mara ngapi, Mtume humuoni wala sauti yake huisikii, watu wanaongea wanaiangalia kamera, wewe mtazamaji ndo umewekwa pale alipo. Mi kama fundi naona ile ni akili kubwa sana.

Nipite haraka kwenye kitu ambacho najua mnakisubiri, vibonzo vya Mtume vya Denmark vya 2005 na yale mauaji ya Paris ya Januari 2015 kwenye jarida la Charlie Hebdo. Vibonzo vile vilikuwa vya kejeli, hiyo ni kesi nyingine na ya mtu anayechora kwa mapenzi, tusizichanganye. Na waliokwenda kuua watu 12 hawakumtetea mtu yeyote. Ukitaka mfano wa Waislamu kupinga, New York juu ya paa la mahakama moja kulikuwa na sanamu ya Mtume toka 1902 pamoja na watunga sheria wengine wa dunia, kwa nia ya heshima kabisa. Balozi za Misri, Pakistani na Indonesia zikaomba itolewe, 1955 ikashushwa. Barua tu. Hakuna hata kioo kilichovunjika.

Turudi Igombe maana mtumbwi bado uko pale na paji la uso limeisha rangi.

Nilimuuliza shekhe, sasa nifanye nini, nifunge kazi? Nauza nini mimi? Akanipa hadithi nyingine ya Ibn Abbas na hii ndo nimeishi nayo mpaka leo. Alikuja mtu kwa Ibn Abbas akamwambia mi riziki yangu iko kwenye kazi ya mikono yangu, natengeneza hizi picha. Ibn Abbas akamwambia aliyoyasikia kwa Mtume, kwamba mtengeneza picha ataadhibiwa mpaka aipulizie roho na hataweza kamwe. Yule mtu akavuta pumzi, uso ukawa njano. Ibn Abbas akamhurumia akasema, basi kama huna budi chora huu mti, na kila kisicho na roho. Yani hakumwambia kalime. Alimuachia brashi yake.

Nikamwambia shekhe, ila mi tatizo langu hapa sio miti, huyu bwana anataka Yunus, amelipia Yunus. Akachukua kijiti akachora mchangani herufi ya nun. Mnaijua nun, bakuli lililo wazi juu na nukta moja katikati. Akasema, Dhun-Nun, nun ni samaki kwa Kiarabu cha zamani. Akanyamaza. Mi nikaitazama ile nun pale mchangani, na jua linazama, na mabaharia wanapakia taa, na nikaona mtumbwi. Bakuli ni mtumbwi na nukta ni karabai. Jamani niliruka.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nikapiga msasa ubavu wote, Yunus na sangara wake na yule mzee, nikapaka praima mikono miwili, nikaandika nun moja kubwa kuanzia mbele mpaka nyuma, ya bluu ya ziwa, nukta ya njano inawaka, na kwa juu ile dua yake aliyoomba gizani, La ilaha illa anta subhanaka inni kuntu minadh-dhalimin. Pembeni nikaweka mmea wa mung'unye umetambaa, kwasababu kwenye Surat Saffat Mwenyezi Mungu aliuotesha juu yake alipotupwa ufukweni mgonjwa. Habari nzima ya Yunus ipo pale, samaki yupo, giza lipo, kivuli kipo, dua ipo, na yeye hayupo, na aliyekuwa anajua habari yake alimuona kuliko alivyokuwa anamuona kwenye ule uso wangu. Tajiri alisimama akasoma ile dua kwa sauti akaishia njiani, akageuka upande wa maji.

Kwahiyo mkiniuliza kama makatazo yanaua sanaa nawaambia mi kazi yangu nzuri kuliko zote imetoka kwenye katazo. Na sio mi tu. Waturuki walipotaka kumuweka Mtume majumbani mwao, fundi wao Hafiz Osman, aliyekufa 1698, akachukua maneno ya Imamu Ali yanayoeleza sura ya Mtume, sio mrefu wa kupitiliza wala mfupi wa kubanana, na muhuri wa unabii kati ya mabega yake, akayapanga kwenye duara kama mwezi, na hiyo ndo ikawa picha ya kutundika ukutani. Na sisi hatuko mbali. Kwenye Barzanji, kile kitabu cha maulidi, kuna mlango mzima unaeleza umbo lake, na nywele, na macho, na mwendo, tunausoma toka utotoni. Najua hapa kuna wasiosoma maulidi, leo hiyo tuiache. Nachosema ni kwamba picha yake tunayo, ya kusikia, na kila mmoja anaisikia kwa moyo wake wala hakuna anayeweza kuipaka marashi. Hata huko pwani kwa wazee wetu, msikiti wa Kizimkazi mihrabu ina maandishi ya mwaka 500 Hijria, ni herufi tupu na bado watu wanasafiri kwenda kuziangalia. Milango ya Zanzibar, maua na minyororo. Kanga ina maembe na ina jina lake chini, na mwanamke anakutukana kwa kanga bila kuchora sura ya mtu.

Mliotuma swali kwa karatasi kuhusu zile programu za simu, unaandika tu maneno inakutolea nabii jangwani anatembea na upepo unapeperusha kanzu, mnaposti stetasi mnaandika mashaallah. Wadogo zangu, mi niliiba uso wa mzee mmoja na nilikuwa namjua na nilimuomba msamaha. Ile mashine imechanganya nyuso za watu wangapi, wengine waigizaji, wengine sijui wametoka kwenye matangazo gani, afu inakupa moja inakwambia huyu ni Musa. Na mtoto wako wa miaka minne akishamuona huyo Musa, siku ya kumsomea Suratul Qasas utamtoa vipi kichwani? Msasa wake uko wapi?

Na yule mzee mshona nyavu. Kuna mtu kauliza hapo nyuma aliishia wapi. Siku nimefuta uso wake alikuja akasimama, akaangalia ile nun, hajui Kiarabu hata alifu, akaniuliza, "Mi nimeenda wapi?" Nikamweleza yote, taratibu, na nikamuomba radhi kwa lile jina lililomletea watoto wa kumkimbiza. Akasema lile jina halikumsumbua sana, kilichomuuma ni kwamba toka achorwe, kila chombo kinachopata kilikuwa kinamnunulia chai na maandazi asubuhi, sasa hiyo chai atalipa nani?

Nikaanza kulipa mimi. Nimelipa mpaka alipofariki.